Bega Lililochanika Kano: Jinsi Nilivyoamua Kuhusu Upasuaji Hapa Bukavu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeumia bega, akaambiwa kwamba kano imechanika, na sasa anazunguka na karatasi za hospitali huku kila mtu wa familia akimpa shauri lake. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na njia hiyo nimeipita tangu ajali hadi uamuzi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliumia bega kabla yangu, naye amekubali nieleze habari zake pamoja na zangu. Ningeeleza yangu peke yake, msomaji angeweza kudhani kwamba ninapinga upasuaji, na hilo si kweli hata kidogo. Mimi nilihimizwa kupasuliwa haraka, na baadaye ikaonekana kwamba sikuhitaji. Yeye ndiye aliyehitaji kupasuliwa haraka, na hakuna aliyemhimiza.

Ilikuwa majira ya mvua. Nilipanda pikipiki kutoka Kadutu kwenda Nyawera, na katika mteremko motari alikwepa gari lililosimama ghafla, tairi likateleza kwenye tope, tukaanguka upande wa kulia. Nilitanguliza mkono ili nisipige kichwa, na uzito wote ukaishia begani. Hapakuwa na damu, wala sikupoteza fahamu. Wapita njia waliniinua na kuniketisha kando, na jambo la kwanza nililotaka kufanya lilikuwa kurekebisha kitambaa changu cha kichwa. Mkono ulifika kifuani ukakataa kuendelea. Niliuinua kwa mkono wa kushoto ukapanda, nikauachia ukashuka wenyewe, na maumivu yakashuka nao hadi karibu na kiwiko.

Kwenye kituo cha afya cha jirani walipiga radio, yaani picha ya eksirei. Mfupa haukuvunjika, kiungo hakikuteguka, kwa hiyo nikaambiwa kwamba sina kitu, nikapewa dawa za maumivu na kitambaa cha kuning'inizia mkono. Neno hilo, kwamba sina kitu, ndilo linalowachelewesha watu wengi katika mji wetu. Radio inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. Bega linashikwa na misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, na kano za misuli hiyo hulizunguka tundu la kiungo na kujishikiza kwenye kichwa cha mfupa wa mkono. Inayochanika mara nyingi zaidi ni ile ya juu, ambayo hupita katika nafasi nyembamba chini ya ncha ya mfupa wa bega na kusaidia kuuinua mkono kwa pembeni. Mtu anaweza kuwa na radio safi kabisa na kano hiyo ikawa imekatika vipande viwili. Kwa hiyo mtu akianguka, radio yake ikawa nzuri, na bado baada ya wiki mbili hivi mkono hauinuki kwa nguvu zake mwenyewe, asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge tu. Aombe daktari wa mifupa amtazame, au angalau apigwe ekografia ya bega, ile picha ya mawimbi ya sauti wanayopigwa pia wajawazito.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Kulala ubavu wa kulia hakukuwezekana, na hata kulala chali bega lilichoma baada ya saa mbili tu. Nilichogundua, na ambacho nimewaambia wengi tangu hapo, ni kulala nusu nimeketi, mito miwili mgongoni na nguo iliyokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma. Kwa upande wa dawa, niliridhika na parasetamoli. Katika mitaa yetu ni rahisi sana kununua dikolofenaki kwenye duka la dawa na kuimeza kila siku kwa miezi, lakini dawa hiyo na jamii yake huumiza tumbo hadi kutoa vidonda, na huchosha figo. Ni dawa ya siku chache, kwa kipimo cha daktari.

Mama mkwe wangu alitaka niende kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, mtu anayeheshimiwa, ambaye amewasaidia wengi waliovunjika miguu. Nilimweleza Mama kwa heshima kwamba mfupa wangu haukuvunjika, na kwamba kuvutwa na kukandwa kwa nguvu kabla ya kujua kilichochanika kungeweza kuongeza mchaniko. Alinyamaza siku nzima, kisha akaniletea supu. Nataja jambo hili kwa sababu katika familia zetu uamuzi kuhusu mwili wa mtu haufanywi na mtu mmoja, na anayekataa shauri la wakubwa lazima awe na sababu anayoweza kuieleza mezani bila kumvunjia mtu heshima.

Baada ya wiki kadhaa nilifanya ekografia, ambayo ilinigharimu dola 20 hivi. Karatasi ilisema kwamba kano ya juu ya bega la kulia imechanika. Daktari wa kwanza wa upasuaji aliisoma, akaniomba niinue mkono, akaona siwezi, akasema tupasue, tushone kano, na wakati huohuo tukwangue mfupa ulio juu yake ili kuipanulia nafasi. Aliniambia nisichelewe. Makisio yalizidi dola 1,500, na humo hayakuingia malazi, chakula cha mlinzi wa mgonjwa, wala mazoezi ya baadaye. Kwa mshahara wa mwalimu, hizo ni fedha za kuuza kitu au kuingia deni. Mume wangu aliitisha kikao cha familia, mtu mmoja akajitolea kunipisha zamu yake ya likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana, na tarehe ikaanza kutajwa.

Sitaki kumlaumu daktari huyo. Kwa mtu aliyeanguka, ambaye hawezi kuinua mkono, na karatasi inasema kano imechanika, haraka yake ilikuwa na msingi. Lakini mimi niliogopa, na hofu yangu haikuwa ya kisu peke yake. Niliogopa kwamba hakuna aliyeweza kunijibu swali rahisi: imechanika kiasi gani? Karatasi haikutaja unene wala urefu wa mchaniko. Nilimwomba mume wangu tutafute daktari wa pili kabla ya kutoa fedha, naye akakubali, ingawa baadhi ya ndugu waliona kwamba ninapoteza muda na makuta.

Daktari huyo wa pili wa mifupa alianza kwa kuniuliza maswali, na karatasi aliiacha mezani kwanza. Niliangukaje? Mkono uliacha kuinuka palepale au polepole? Kabla ya ajali bega lilikuwa linauma? Ninafanya kazi gani, na kazi hiyo inataka mkono ufike wapi? Nilimwambia kwamba ninaandika ubaoni, ninapika, ninasonga bugali, na ninaanika nguo kwenye kamba iliyo juu. Kisha akanipima. Aliniambia niinyooshe mikono yote miwili mbele kidogo kwa pembeni, vidole gumba vikielekea chini, akasukuma mikono hiyo chini huku mimi nikijitahidi kuizuia. Wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulianguka mara moja, nami nikalia kwa maumivu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo naliona kuwa ndilo lililogeuza mambo. Alisema: "Mama, mkono unaanguka kwa sababu moja kati ya mbili. Ama kano imekatika na haina nguvu, ama kano bado inashika lakini maumivu yanaukataza mwili kuitumia. Tutenganishe." Alipaka dawa ya kuua vijidudu, akachoma sindano ya ganzi, lidokaini, katika nafasi iliyo chini ya ncha ya bega, akaniambia nisubiri kwenye benchi nje. Baada ya dakika kama kumi aliniita tena. Nilinyoosha mikono, akasukuma, na mkono wa kulia ukakaa. Haukuwa na nguvu sawa na wa kushoto, lakini ulikaa. Kisha nikauinua hadi juu ya kichwa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya ajali, na machozi yakanitoka, safari hii si ya maumivu.

Hakusema kwamba nimepona. Alisema kwamba ganzi haiponyi kitu na maumivu yangerudi jioni, na kweli yalirudi, lakini kipimo hicho kilimpa sababu ya kudhani kwamba kano haikukatika yote. Alinieleza pia kwamba ekografia ya bega hutegemea sana mkono na jicho la anayeipiga. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeanguka, hakutaka kukisia, kwa sababu kano iliyokatika kabisa kwa ajali, kwa mtu anayefanya kazi, kwa kawaida inafaa ishonwe mapema, katika wiki au miezi ya mwanzo. Ikiachwa, misuli huivuta kano nyuma, mbali na mfupa, kisha misuli yenyewe hupungua na kuingiwa na mafuta, na misuli iliyokwisha kuwa hivyo hairudi kuwa kama zamani hata ikishonwa. Akaniandikia IRM, ile picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, nikaifanye Kigali.

Ilinibidi nifikirie sana kuhusu gharama hiyo. Picha peke yake ilipita dola 200, na juu yake kuna basi, kulala na kula. Lakini nilipoilinganisha na makisio ya upasuaji, niliona kwamba ni afadhali kulipa sehemu hiyo ili nijue ninachokatiwa. Tulivuka mto Ruzizi asubuhi kuingia Rwanda, tukapanda basi Kamembe. Safari ya kupita msitu wa Nyungwe na Huye hadi Kigali ni ya saa sita hivi, na barabara ya msituni ni kona tupu. Mwenye bega bovu atafute kiti ambacho upande ulioumia hautabanwa na abiria mwingine wala dirisha, na ajifunge mkono kifuani hata kama kwa kawaida ameshaacha kuufunga. Aende pia na karatasi ya daktari, na aseme mapema kama ana chuma chochote mwilini, kwa sababu mashine hiyo haivumilii chuma.

Jibu lilikuwa kwamba kano ya juu imechanika kwa upande wa chini, chini ya nusu ya unene wake, na misuli ni mizima, haina mafuta. Daktari alinichorea kamba ambayo baadhi ya nyuzi zimekatika na nyingine bado zinabeba mzigo. Kwa hali hiyo, alisema, tunaanza na mazoezi kwa miezi mitatu, tunapima tena, na kama nguvu hazirudi au mchaniko umeongezeka, tunazungumza upya juu ya upasuaji.

Nilimuuliza kuhusu ule mfupa wa kukwangua. Alinieleza kwamba mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 300 wenye maumivu ya bega ya aina hiyo, ambao kano zao hazikuwa zimekatika kabisa. Waliokwanguliwa mfupa walilinganishwa na waliotumbukiziwa kamera tu bila kukwanguliwa chochote, na tofauti kati yao haikuwa na maana kwa maisha ya mgonjwa. Utafiti wa Ufini wa mwaka huohuo ulifikia jambo lilelile. Nilimuuliza pia kama ni kweli, kama nilivyokuwa nimesikia, kwamba wengi wenye kano iliyochanika hupona kwa mazoezi bila kupasuliwa. Alisema kuna utafiti wa Marekani, uliotolewa mwaka 2013, ambapo watu wenye kano iliyotoboka unene wote walipewa mazoezi, na baada ya miaka miwili chini ya robo ndio waliokuwa wamechagua kupasuliwa. Lakini aliniwekea mkono mezani na kusisitiza: hao hawakuwa wameanguka, kano zao zilichakaa zenyewe kwa umri. Mtu aliyeumia kwa ajali asijifunike na utafiti huo. Nilimshukuru kwa uangalifu huo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa tayari kujifunika nao.

Kuna sindano ya kortizoni pia, ambayo wengi huiomba kwa sababu inaondoa maumivu haraka. Kwangu aliiacha kama akiba, iwapo maumivu yangenizuia kufanya mazoezi. Hutuliza kwa wiki kadhaa, haiungi kano, na ikirudiwarudiwa inaweza kuidhoofisha. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari huipandisha sukari, na ndiyo maana alinipima damu kwanza, kwa kuwa mama yangu mzazi ana ugonjwa huo. Wenye sukari pia bega lao hukakamaa kwa urahisi zaidi, hata bila kuanguka.

Mazoezi yalikuwa kazi halisi, na mtu asidhani kwamba kuepuka kisu ni kuchagua njia ya mteremko. Kine wangu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole lakini mkali wa ratiba, alinianzisha kwa kuinama, mkono wa kushoto ukiwa juu ya meza, na kuuacha wa kulia uning'inie na kuzunguka polepole. Baadaye nilishika mti wa ufagio kwa mikono miwili, ule mzima ukiusukuma ule mgonjwa kupanda. Kisha vidole vikapanda ukutani hatua kwa hatua, na nikaweka alama ya chaki pale vilipofika kila mwisho wa wiki. Kwa nguvu, hakuwa na mikanda ya mpira ya kununua. Alikata mpira wa ndani wa tairi la pikipiki kwa urefu, akaufunga kwenye chuma cha dirisha, nami nikabana kiwiko ubavuni, nguo iliyokunjwa kwapani, na kuuvuta mpira kwa nje na kwa ndani. Zoezi lililoonekana dogo kuliko yote, la kuyarudisha mabega nyuma na chini na kuyashikilia hapo, ndilo alilolisimamia zaidi, kwa sababu kombe la bega likilegea mbele nafasi ya kano hupungua.

Kila kikao nililipa dola 5. Nilipoona kwamba fedha haziwezi kufika mwisho, nilimwambia wazi, naye akapanga nije mara chache kwa ajili ya kusahihishwa na kupewa hatua mpya, na mengine nifanye nyumbani kila siku. Ninashauri mtu aseme ukweli wa mfuko wake mapema, kuliko kutoweka katikati kwa aibu. Shuleni prefe, yaani mkuu wa shule, alikubali wanafunzi wawili waandike ubaoni kwa zamu huku mimi nikisoma na kueleza. Nyumbani binti yangu alichukua mwiko, na kamba ya kuanikia nguo ikashushwa hadi usawa wa kifua. Kuna wiki ambazo alama ya chaki haikusogea hata kidogo, na nilikasirika hadi nikawafokea watoto bila sababu. Maumivu ya usiku ndiyo yaliyotangulia kuondoka, nguvu zikafuata nyuma sana.

Sasa shemeji. Yeye ni mwashi, aliteleza kwenye jukwaa la mbao huko Bagira, akashika ubao kwa mkono mmoja, na bega likavutwa kwa uzito wa mwili mzima. Radio yake nayo ilikuwa safi. Akaambiwa hana kitu, kama mimi. Alikandwa kwa maji moto na majani, akavutwa, akapumzika. Baada ya miezi michache maumivu yalipungua sana, na sisi sote tukafurahi tukidhani anapona, ingawa mkono haukupita usawa wa kifua. Fedha za vipimo zilikuwa zinasubiri kazi, na kazi ilikuwa inasubiri mkono.

Nilipokuwa nimeanza mazoezi yangu, karibu mwaka ulikuwa umepita tangu aumie. Nilimwomba aje nami kwa kine. Yule kijana alimvua shati, akamgeuza mgongo, akapitisha kidole juu ya kombe la bega la kulia. Palikuwa na bonde. Upande wa kushoto nyama ilijaa, upande wa kulia mfupa ulionekana umechomoza kwa sababu misuli iliyokuwa juu na chini yake ilikuwa imekwisha. Alimnyanyulia mkono hadi usawa wa bega, akamwambia aushikilie, akauachia. Ulianguka kama ulivyokuwa umeanguka wangu, ila yeye hakulia, kwa sababu haukumuuma.

Daktari alithibitisha kwa picha: kano imekatika yote, imerudi nyuma mbali, na misuli imeingiwa na mafuta mengi. Alisema anaweza kujaribu kushona, lakini hakutaka kutudanganya, uwezekano wa kano hiyo kuachia tena ulikuwa mkubwa, na fedha zingekuwa zimekwenda. Shemeji alimuuliza: "Dokta, na kama ningekuja mwezi ule wa kwanza?" Daktari akamjibu kwamba mwezi ule wa kwanza angemshauri apasuliwe. Hakuna mtu aliyezungumza tulipokuwa tunashuka ngazi za hospitali. Nilikuwa nimebeba habari njema ya bega langu, na sikuweza kuifurahia.

Ndiyo maana ninasema kwamba fedha ya kwanza iende kwenye kujua aina ya mchaniko, kabla ya kununua dawa za miezi mingi, kabla ya kukandwa, na kabla ya kulipia chumba cha upasuaji. Maumivu kupungua si ushahidi wa kupona, kama alivyotuonyesha shemeji, na maumivu makali si ushahidi kwamba kila kitu kimekatika, kama yalivyonionyesha yangu. Na anayeamua kusubiri asubiri akiwa na tarehe ya kupimwa tena, na akijua ni jambo gani likitokea atabadilisha uamuzi. Shemeji naye alisubiri, lakini hakuna aliyekuwa amempa tarehe.

Anayeambiwa apasuliwe, na sababu ikawa wazi, asiogope, ila aulize maswali kabla ya kutia sahihi. Kano imekatika unene wote au sehemu? Misuli ikoje? Daktari huyu hushona mabega mara kwa mara, na hufungua bega au hutumia kamera? Kama anahitaji vile vishikizo vidogo vinavyoingizwa kwenye mfupa, vipo hapa au vinaagizwa, na nani analipa? Akifungua akakuta haiwezekani kushona, atafanya nini? Hatari za kuambukizwa, kukakamaa na kano kuachia tena ziko kiasi gani kwa umri wangu? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Wa pili alinijibu yote akiwa amesimama mlangoni na wagonjwa wengine wakimsubiri.

Swali ambalo kwetu husahaulika ni la baada ya upasuaji. Mkono hufungwa kwa wiki nne hadi sita, na wakati huo mtu hapiki, hafui, habebi mtoto kwa upande huo, hapandi pikipiki. Kisha mkono husogezwa na mtu mwingine au na ule mzima, baadaye kwa nguvu zake, na mazoezi ya kuutia nguvu huanza karibu na mwezi wa tatu. Kurudi kwenye kazi ya kubeba huchukua miezi sita, mara nyingine mwaka. Bega lililoshonwa vizuri na kuachwa bila kine linaweza kukakamaa hadi mtu aseme heri nisingepasuliwa. Kwa hiyo katika hesabu ya upasuaji ziingizwe fedha za mazoezi, chakula cha nyumba kwa miezi ambayo mtu hatafanya kazi, na jina la atakayemsaidia kuvaa nguo. Kwa mwashi au mama anayeuza sokoni Kadutu, sehemu hii ni nzito kuliko ankara ya hospitali. Familia ikiweza kuchanga kwa ajili ya kisu tu, ni bora ikae tena na kuhesabu.

Katika kipimo cha miezi mitatu daktari alisukuma mkono wangu tena, bila ganzi, nao ukakaa. Ekografia iliyopigwa na mtu mwingine, aliyeambiwa atafute nini, ilionyesha kwamba mchaniko haujaongezeka. Leo ninaandika ubaoni hadi mstari wa juu, ninasonga bugali ya familia, na bado sibebi dumu la lita 20 kwa mkono wa kulia. Mpira wa tairi uko palepale dirishani, nautumia mara kadhaa kwa wiki. Tulikubaliana na daktari kwamba nikianguka tena, au maumivu ya usiku yakirudi na mkono ukapungua nguvu, nitapigwa picha bila kungoja, na ikionekana kwamba kano imekatika yote nitapasuliwa. Kine ameshaniambia kwamba atanipokea, na mume wangu anajua fedha hizo ziko wapi.

Shemeji alifundishwa kutumia misuli ya nje ya bega kuinua mkono kwa kiasi, na sasa anaufikisha juu kidogo ya kifua. Mawe habebi tena. Mkubwa wake wa kazi amempa kusimamia vibarua na kupima kuta kwa uzi na timazi, kazi inayolipa kidogo kuliko ile ya mikono yake. Kibarua wake mmoja alipoanguka hivi karibuni na kushindwa kuinua mkono, shemeji hakumruhusu akae hata siku tatu: alimpeleka mwenyewe kwa daktari wa mifupa, akalipa ekografia kutoka mfukoni mwake, na kijana yule anapasuliwa wiki ijayo.